Mto Elwha na Samaki Waliongoja Miaka Mia

Muhula huu nimeomba nafasi niwaeleze habari za mto mmoja ambao sikupata kuuona kwa macho yangu, wala sidhani kama yupo katika shule yetu aliyepata kuuona. Mto huo unaitwa Elwha. Uko Marekani, katika jimbo la Washington, pembeni kabisa mwa nchi ile upande wa kaskazini magharibi, mahali ambapo milima yenye theluji inakaribiana sana na bahari. Si mto mkubwa. Urefu wake ni kama kilomita 72 tu, hata mtu akiulinganisha na Pangani wetu ataona ni kama kijito. Lakini habari zake nimezisoma kwa hamu kuliko habari za Naili au Amazon. Katika mto huo watu walijenga kuta mbili kubwa za kuzuia maji ili wapate umeme, kisha, baada ya karibu miaka mia, wakazibomoa kwa makusudi ili samaki wapate kupita.

Mimi ni mtoto wa fundi wa umeme. Baba yangu amefanya kazi katika kituo cha umeme wa maji tangu kabla sijazaliwa, na sare ninayovaa, na hata daftari ninaloandikia, zimetokana na maji yanayozungusha mashine. Basi mtu akiniambia kwamba mahali fulani ukuta wa bwawa umebomolewa na wenyewe, siwezi kulipokea jambo hilo kama hadithi ya kupitishia wakati.

Kwanza yafaa nimweleze samaki mwenyewe, maana asiyemjua hataona sababu ya kazi yote ile. Samaki huyo ni samoni. Huanza maisha yake mtoni. Mama huchagua mahali penye maji ya baridi yaendayo mbio, akalala ubavu, akaipiga changarawe kwa mkia hata akachimba shimo. Humo hutaga mayai kwa maelfu, dume akayarutubisha, kisha mama akayafukia kwa changarawe ile ile. Changarawe hiyo si kitu cha kupuuzwa. Mawe yakiwa makubwa mno, samaki hawezi kuyasogeza. Na tope likijaa katikati ya mawe, maji hayapiti, mayai hukosa hewa yakafa.

Vifaranga wakiisha kutoka hukaa mtoni miezi michache, au mwaka na zaidi, kila aina na desturi yake, kisha hushuka kwenda baharini. Huko hula na kunenepa kwa miaka. Wakati wao ukifika hurudi, na ajabu ni kwamba walio wengi hurudi katika mto ule ule walimozaliwa. Huutambua kwa harufu ya maji yake. Wakiingia mtoni huacha kula. Hupanda kwa nguvu walizojiwekea mwilini, wakiruka maporomoko, hata wafike kwenye changarawe. Wakiisha kutaga, karibu samoni wote wa Bahari ya Pasifiki hufa pale pale. Mizoga yao huliwa na dubu, tai, fisi maji na wadudu, na mabaki huwa mbolea ya miti iliyo kandokando ya mto. Kwa hiyo kila samoni ni kama mpagazi aliyechukua mzigo wa chakula kutoka pwani mpaka milimani.

Sisi watu wa bonde la Pangani tumezoea perege, na perege hana ugomvi na bwawa. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa katika miaka ya 1960, perege walizaana hata wavuvi wakahamia huko kutoka mbali. Ndiyo maana mwenzangu mmoja darasani aliniuliza: mbona samaki hao wa Marekani hawakukaa tu bwawani wakazaa? Jibu ni kwamba perege hana safari, lakini samoni maisha yake yote ni safari. Hapa kwetu wa kufananishwa naye ni mkunga wa mtoni, ila yeye huenda kinyume: huzaliwa mbali baharini, akapanda mitoni angali mdogo, akakulia humo, kisha akarudi baharini kuzaa.

Tena kuna mahali ambapo watu wengi hupasahau katika habari hii, napo ni mlango wa mto. Samaki akiwa katika maji matamu, mwili wake hufanya kazi ya kuishika chumvi isipotee. Akiwa baharini, mwili hufanya kazi ya kuitoa chumvi iliyozidi. Basi samoni mchanga lazima ageuze kazi ya matamvua yake, na kazi hiyo haigeuzwi kwa dakika moja. Kwa aina fulani za samoni, hasa wale wadogo wa chinuki, ambao ndio samoni wakubwa kuliko wote, mlango wa mto wenye vidimbwi, majani na maji yaliyochanganyika ni kama bweni la kujizoeza. Hapo hula, hukua, hujificha, na huizoea chumvi kidogo kidogo. Mlango wa mto ukiharibika, hata kama milimani kote ni salama, vifaranga hufika baharini wadogo na dhaifu, mahali penye maadui wengi. Nao mlango wa mto hujengwa kwa mchanga na tope ambalo mto wenyewe hulileta.

Sasa nirudi Elwha. Tangu kale kando ya mto huo waliishi watu waitwao Waklallam. Mwaka 1855 wao na jirani zao walitia sahihi mkataba na serikali ya Marekani. Wakatoa ardhi, wakabakiziwa haki ya kuvua mahali walipozoea kuvua. Mto wao ulikuwa na aina zote tano za samoni wa pwani ile, pamoja na trauti waendao baharini, na chinuki wa huko walisifika kwa ukubwa, wengine wakisemekana kufika kilo 45. Mwaka 1910 kampuni moja ilianza kujenga ukuta kiasi cha kilomita 8 tu kutoka baharini. Sheria ya jimbo, ya tangu mwaka 1890, ilisema wazi kwamba ajengaye ukuta mtoni lazima awawekee samaki njia. Njia haikuwekwa. Mwezi wa Oktoba 1912, bwawa likiwa linajaa, maji yalitoboa chini ya msingi yakashuka kwa gharika mpaka kwa Waklallam waliokaa chini. Tundu likazibwa, na mwaka 1913 kazi ikamalizika.

Na sheria je? Wakubwa waliosimamia uvuvi wa jimbo walikubali kijengwe kituo cha kutotolea vifaranga mahali pa njia ya samaki. Kituo hicho hakikufaulu, na mwaka 1922 kikaachwa. Basi samaki wakakosa njia, wakakosa na kituo, na ukuta ukabaki. Mwaka 1927 ukajengwa wa pili juu zaidi, katika korongo la Glines, kimo chake mita 64.

Inakadiriwa kwamba kabla ya kuta hizo samoni waliorudi Elwha walikuwa kama 400,000 kwa mwaka. Baadaye walibaki elfu chache, wakibanana katika zile kilomita 8 za chini, huku zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito vyake zikiwa zimefungwa. Hata zile kilomita 8 zenyewe ziliharibika, maana changarawe mpya ilikuwa ikinaswa mabwawani, mto ukabaki na mawe makubwa. Ufuo wa mlangoni ulikosa mchanga, ukaliwa na mawimbi mwaka hata mwaka, na mahali Waklallam walipokuwa wakiokota kombe pakawa mawe matupu. Waklallam wenyewe, pamoja na makabila mengine ya pwani ile, walisumbuliwa na kukamatwa kwa kuvua katika mito ya babu zao, mpaka mwaka 1974 Jaji George Boldt alipohukumu kwamba mikataba ile ya zamani ina nguvu, na kwamba makabila yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Hukumu hiyo ilikuwa kubwa, nami naiheshimu. Lakini nusu ya mto usio na samaki ni nini?

Mwaka 1986 kabila la Lower Elwha Klallam lilisimama rasmi katika shauri la leseni za kuta hizo, likataka zibomolewe. Wakati huo wengi waliona ni ndoto, na katika mji wa Port Angeles ulio karibu walikuwako watu wasiopenda hata kulisikia jambo hilo. Ilipofika mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurudisha mto na samaki wake. Mwaka 2000 serikali ikanunua kuta. Kati ya sheria na sululu ya kwanza ilipita miaka 19.

Likizo iliyopita nilimsimulia baba habari hizi baada ya chakula cha jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, wamevunja mtungi kwa ajili ya dagaa?"

Nikamwambia, "Baba, mashine za kuta zote mbili pamoja zilikuwa megawati 28 hivi."

Akafikiri kidogo. "Hiyo ni Hale na kidogo juu yake." Hale ni megawati 21, na baba huzijua tarakimu hizo kama sala.

Nikamweleza kwamba siku za mwisho umeme wa Elwha ulikuwa ukienda kwenye kinu kimoja cha karatasi, nacho kingeweza kuupata umeme kwenye gridi.

"Na hiyo gridi maji yake yanatoka wapi?"

Hapo ilinibidi nimjibu kweli, kwamba sehemu kubwa ya umeme wa gridi ile hutoka kwenye mabwawa ya mto Columbia, na huko nako samoni wana taabu kubwa na kuta. Baba akacheka sana. "Basi wamehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda bega lile." Sikuona haya kwa jibu lake, maana lina ukweli ndani yake. Hata hivyo naona kwamba mabega hayalingani. Ukuta utoao umeme kwa mamilioni ya watu hupimwa kwa mizani moja, na ukuta mkongwe uliofunga mto mzima kwa ajili ya kinu kimoja, tena kinyume cha sheria, hupimwa kwa mizani nyingine. Baba hakukataa wala hakukubali. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu wa kazi, "Na tope je?"

Swali hilo ndilo lililowasumbua wahandisi wenyewe. Kwa karibu miaka mia mto ulikuwa ukishusha mchanga, changarawe na tope, na kuta zikivizuia. Walipopima walikuta kama meta za ujazo milioni 21. Mtu akibomoa kuta kwa siku moja, mzigo huo wote ungeshuka kwa pamoja, ukaua kila kitu. Kwa hiyo walikwenda taratibu. Kazi ilianza Septemba 2011. Ukuta wa chini ulikwisha Machi 2012. Ule wa korongo la Glines ulipunguzwa kipande kwa kipande, na mafundi wakisimama katika majira ambayo samaki hupanda au vifaranga hushuka, ili tope lisiwakute njiani. Kipande cha mwisho kililipuliwa Agosti 2014. Pamoja na hadhari hizo maji yalikuwa kama uji. Mitambo iliyojengwa kwa ajili ya kusafisha maji ilizibwa na takataka, kazi ikasimamishwa hata mitambo itengenezwe. Baharini nako mwani ulikufa sehemu kubwa kwa kukosa mwanga, nao ukachukua miaka kurudi. Mradi wote, pamoja na kuzinunua kuta na kujenga mitambo ya maji, uligharimu kama dola milioni 325.

Lakini mzigo ule ulipofika pwani ulifanya kazi ambayo hakuna trekta ingeifanya. Ufuo uliokuwa ukiliwa na mawimbi ulianza kusonga mbele kuelekea baharini. Yalitokea mafungu ya mchanga, kisha vidimbwi nyuma ya mafungu hayo, kisha majani, na katika miaka michache mlango wa mto ukapata makumi ya hekta za nchi mpya. Penye mawe makubwa pakawa mchanga, wakaja kaa, wakaja samaki wadogo watagao mchangani ambao ni chakula cha samoni. Lile bweni la vifaranga nililolitaja likawa limejengwa upya. Nilipomsomea baba sehemu hii aliniuliza mara mbili zile meta za ujazo ni ngapi, akawa anapiga hesabu kwa vidole mezani, na hakusema neno jingine jioni ile.

Mahali palipokuwa mabwawa palibaki uwanda wa tope na mchanga, umekufa kama nchi ya mwezini. Watu wa hifadhi ya taifa na Waklallam walikusanya mbegu za mimea ya huko huko, wakaotesha na kupanda miche kwa malaki. Tena maji yalipokauka katika bwawa la chini lilionekana jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya mhandisi yeyote. Waklallam wana mahali patakatifu ambapo, kwa masimulizi yao, ndipo walipoumbwa: jiwe kando ya mto lenye mashimo ya mviringo. Wazee walikuwa wakipataja, na vijana hawakupata kupaona, kwa sababu palikuwa chini ya maji tangu 1913. Mwaka 2012 jiwe lilionekana.

Samaki nao hawakungoja sherehe. Mwaka ule ule wa 2012 chinuki walionekana wakipita mahali ulipokuwa ukuta wa chini. Katika korongo la Glines mawe makubwa yaliyoanguka yaliwazuia kwa muda, yakalipuliwa, nao wakaendelea kupanda. Lakini habari iliyonifurahisha kupita zote ni ya trauti. Katika nchi ile kuna trauti akaaye mtoni maisha yake yote, na kuna mwenzake aendaye baharini akarudi mkubwa, mwenye rangi ya fedha, aitwaye stilihedi. Kwa kweli hao wawili ni samaki wa aina moja. Kuta zilipojengwa, wengine walifungiwa juu, wakaishi huko kwa vizazi vingi bila kuiona bahari. Kuta zilipoondoka, stilihedi wa kiangazi, waliokuwa wamekaribia kutoweka katika mto ule, wakaanza kuonekana tena kwa mamia, na wataalamu walipochunguza damu na nasaba yao walikuta kwamba wengi ni kizazi cha wale waliofungiwa juu. Hakuna mtu aliyewafundisha. Mlango ulipofunguliwa, walishuka wakaenda, na wakajua kurudi.

Nisiwapendezeshe wasomaji kupita kiasi. Si kila samoni amerudi hivyo. Wengi wa chinuki wanaoingia Elwha bado ni wale waliototolewa vituoni na kuachiwa mtoni, na jambo hilo lilileta ugomvi mkali hata mahakamani. Wenye vituo walisema kwamba bila vituo mbegu ya chinuki wa Elwha ingepotea katika miaka ya tope. Wapinzani wakasema samaki wa kituoni hudhoofisha damu ya wale wa porini. Mimi naona kwamba katika miaka ya tope hapakuwa na njia nyingine. Lakini kituo kisichokoma kitafanana na kile cha kabla ya 1922, yaani ahadi ya kuwanyamazisha watu. Na samoni wa aina nyingine, kama wale wadogo wa waridi, wanarudi polepole mno.

Lililobaki ni la nyavu. Mwaka 2011, kuta zilipoanza kubomolewa, uvuvi wa samoni katika Elwha ulisimamishwa, na Waklallam walikuwa miongoni mwa waliokubali kusimama. Hebu fikirini: watu waliozuiwa samaki wao kwa miaka mia, siku mlango unapofunguliwa, wao ndio wanaotundika nyavu zao ukutani. Muda uliowekwa kwanza ulikuwa miaka mitano. Ukaongezwa, ukaongezwa tena. Wazee walioanza shauri la mwaka 1986 walikuwa wakifariki mmoja mmoja.

Mwezi wa Oktoba 2023 waliruhusiwa kuvua tena, kwa ajili ya kula na kwa ajili ya ibada zao, si kwa kuuza. Aina iliyoruhusiwa ni koho peke yake, na idadi ni samaki 400 kwa kabila zima. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kuta zilipoanza kubomolewa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, amekaribia kuwa sawa na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza. Alikuwa hajapata kuona mtu wa kwao akitoa samoni katika Elwha. Chinuki, wale wakubwa wa masimulizi, hawakuguswa. Waliachwa wapite kwenda juu.